Mapenzi ya Kazi na Haki ya Ijara

Umezuka katika siku zetu wasia unaotolewa kwa vijana wanaotoka vyuoni, ambao maneno yake yamesifiwa sana na matendo yake hayajapimwa. Kijana huambiwa kuwa wafanyakazi ni wa namna mbili: wanaofanya kazi kwa kuipenda, na wanaofanya kazi kwa kutaka fedha. Wa kwanza huitwa wajenzi wa ulimwengu mpya; wa pili huitwa watu wa saa na watu wa mwisho wa mwezi. Wasia huu husikika mahali pengi, lakini makao yake makuu ni katika kampuni changa, yaani zile zinazoanzishwa na watu wachache kwa wazo jipya, aghalabu la kompyuta au la simu, kwa matumaini ya kukua upesi kabla mtaji haujakwisha. Nakusudia kuupinga. Siupingi kwa sababu nayadharau mapenzi ya kazi, bali kwa sababu nayaheshimu. Na kitu cha heshima hakifai kufanywa chambo.

Kwanza tukubali lililo kweli. Kazi inayofanywa bila ya mapenzi huwa mzigo kwa mfanyaji na hasara kwa mfanyiwa. Seremala asiyependa kazi yake huacha mbao na mikwaruzo. Mwalimu asiyependa kufundisha huhesabu dakika pamoja na wanafunzi wake. Tena yako mambo makubwa ambayo fedha peke yake isingeyazaa. Matokeo ya uchaguzi wa rais wa Kenya yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na nchi ikaingia katika machafuko, hazikupita siku nyingi kabla watu wachache, miongoni mwao Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, hawajaunda Ushahidi: mahali katika intaneti ambapo habari za fujo na mauaji, zilizoletwa na raia wenyewe, ziliwekwa juu ya ramani ili ulimwengu uzione. Kazi hiyo ilifanywa kwa siku chache katika Januari 2008, na hapana mshahara uliowaita walioifanya.

Mfano huu ni mzuri, na kwa kuwa ni mzuri yafaa uangaliwe hadi mwisho wake. Watu wale walijitolea kwa hiari yao, kwa jambo la umma, wala hapakuwa na mtu aliyesimama nyuma yao akingoja kuliuza jasho lao. Tena kazi ilipogeuka kuwa taasisi yenye kuhitaji watu kila siku, ilitafuta fedha za wafadhili na kuajiri watu kwa mshahara. Mapenzi yaliwasha moto, kuni zilinunuliwa. Hapana aibu katika moto wala katika kuni. Aibu ni kumwambia mtu kuwa, maadamu moto unawaka, kuni hazina bei.

Msomaji wa jarida hili hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa pili. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliacha mashairi na nathari ambazo bila ya mapenzi zisingeandikwa. Walakini sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa ya mtumishi wa serikali. Aliingia katika Idara ya Forodha mwaka 1926, na baadaye akatumika katika idara nyingine. Mshahara wa karani ndio ulioilisha nyumba ambamo kalamu ya mshairi ilikuwa ikiandika. Hatumwiti msaliti wa sanaa kwa kuwa alipokea ijara, wala hatusemi kuwa ijara ile ilimpunguzia shauku. Fedha na mapenzi, basi, si maadui wa asili. Adui wa mapenzi ni njaa, na mchonganishi wa wawili hao ni yule anayetaka apewe kimoja bila ya kulipa kingine.

Tumtazame mchonganishi huyu katika kazi yake. Kampuni ya WeWork ilianzishwa mjini New York mwaka 2010. Biashara yake ilikuwa kupanga majengo kwa muda wa miaka mingi na kuyapangisha kwa vipande kwa muda mfupi. Ni biashara ya kale ya mpangishaji wa kati, ila hii ilivikwa joho la wokovu. Wito wake, ulioandikwa juu ya fulana na vikombe, ulikuwa: Fanya Ukipendacho. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni hiyo ilithaminiwa kuwa na kima cha dola bilioni 47. Mwezi Septemba mwaka huo jaribio la kuuza hisa zake kwa umma lilivunjika, na mwasisi wake, Adam Neumann, akaacha uongozi. Mwezi Oktoba mapatano na kampuni ya SoftBank yalimwahidi mali iliyoweza kufikia dola bilioni 1.7, ingawa baadaye, baada ya kushitakiana, kima hicho kilipunguzwa. Mwezi Novemba wafanyakazi wapatao 2,400 waliachishwa kazi. Mwezi Novemba 2023 kampuni yenyewe ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Wote, aliyeondoka na mali na walioondoka na fulana, walikuwa wameambiwa wafanye wakipendacho. Mapenzi yao huenda yalikuwa sawa. Mikataba yao haikuwa sawa, na siku ya msiba ni mikataba iliyosomwa.

Wapo watakaosema kuwa nimechagua mfano wa mbaya ili nimhukumu mwema. Basi nichukue wa kampuni iliyofaulu kuliko nyingi duniani. Apple ilianzishwa mwaka 1976, na miongoni mwa waasisi wake walikuwa Steve Jobs na Steve Wozniak. Mwezi Juni 2005 Jobs aliwahutubia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, akawausia watafute kazi waipendayo na wasiridhike mpaka waipate. Hotuba hiyo imezunguka ulimwengu mzima, na wapo wanafunzi wetu wanaoikumbuka vizuri kuliko masomo yao. Lakini miaka 25 kabla ya hotuba hiyo, Apple ilipokaribia kuuza hisa zake kwa umma mwezi Desemba 1980, walikuwako wafanyakazi wa siku za mwanzo ambao hawakuwa wamepewa hisa. Wozniak alitoa sehemu ya hisa zake mwenyewe, akawauzia baadhi ya wenziwe kwa bei ndogo na wengine akawapa bure, kwa kuwa aliona wamestahili. Hotuba ya mmoja inakaririwa vyuoni. Tendo la mwingine halikaririwi. Nauliza kwa nini. Jibu langu ni kuwa hotuba haimgharimu mwajiri kitu, na tendo humgharimu.

Hapa mwajiri mwerevu atajibu kuwa yeye hatoi maneno matupu: mshahara ni mdogo, lakini pamoja nao hutoa hisa. Neno hili ni bora kuliko mahubiri, walakini lina milango mingi ya kutokea, na kijana hujulishwa mmoja tu, ule wa kuingilia. Aghalabu mfanyakazi hapewi hisa zenyewe, bali hupewa haki ya kununua hisa kwa bei iliyotajwa. Kwa desturi iliyoenea kutoka California, haki hiyo hukomaa kwa muda wa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka 1 kutimia hapati kitu. Anayeondoka baadaye mara nyingi huwa na siku 90 za kununua alichostahili. Asipokuwa na fedha za kununulia, haki yake hupotea kama maji mchangani. Hata aliyenunua husimama mwisho wa mstari. Kampuni ikiuzwa au ikifilisika, wadai hulipwa kwanza. Wawekezaji wenye hisa za upendeleo hufuata. Mwenye hisa ya kawaida hupokea kilichosalia. Wawekezaji wakiwa wametia dola milioni 10 kwa sharti la kurudishiwa kwanza, na kampuni ikauzwa kwa dola milioni 10, waliobaki hugawana sifuri. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika hesabu hii mmoja huchumia juani na mwingine hulia kivulini.

Wala mambo haya si ya ng'ambo peke yake. Copia Global, kampuni iliyokuwa ikiwauzia watu wa vijijini nchini Kenya bidhaa za nyumbani kwa njia ya mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi mwezi Mei 2024 baada ya kukosa mtaji mpya, na wafanyakazi zaidi ya 1,000 wakakabiliwa na kuachishwa kazi. Sisemi kuwa watu hao walilipwa mahubiri badala ya fedha. Nasema kuwa hata kampuni iliyokusanya mamilioni ya dola huweza kuanguka, na siku ya kuanguka wasimamizi huuliza nani anadai kiasi gani. Hawaulizi nani alipenda zaidi. Daftari halina safu ya mapenzi.

Watu wa pwani yetu walijua kugawana hatari kabla kampuni hizi hazijapata jina. Wavuvi wakirudi na samaki, gharama huondolewa, kisha mapato hukatwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya wavuvi wenyewe. Kadiri za mafungu hutofautiana mahali na mahali, lakini kila mtu huzijua kabla ya kutweka tanga. Siku ya kukosa wote hukosa, na siku ya kupata wote hupata. Bila shaka wamo kati yao waipendao bahari kwa mapenzi yasiyoelezeka. Lakini nahodha angaliwaambia wenziwe, "Vueni kwa kuwa mnaipenda bahari, na samaki watakuwa wangu," angalikwenda baharini peke yake. Kadhalika katika ujima wa kilimo, majirani hulima shamba la mtu bila ya mshahara; lakini mwenye shamba huwapikia leo, na kesho jembe lake huonekana mashambani mwao. Hisani hiyo ina marejeo. Kampuni changa inayotaka watu wake wawe kama ndugu wa ujima ionyeshe siku ambayo mwasisi atakwenda kulima kwao.

Liko jambo jingine, kubwa kuliko yote niliyotaja, ambalo wasia huu hupita juu yake kana kwamba halipo. Hapa kwetu mshahara wa kijana aliyehitimu ni nadra kuwa wa mtu mmoja. Ndani yake mna karo ya mdogo wake, mna dawa za mama yake, mna deni la ng'ombe aliyeuzwa au la kipande cha shamba kilichowekwa rehani ili yeye asome. Anayemwambia kijana huyu afanye kazi miezi 6 kwa mapenzi hamwombi yeye peke yake. Anamwomba mama avumilie maumivu, na mdogo akae nyumbani muhula mmoja au miwili. Kila shilingi isiyolipwa ni shilingi iliyotiwa katika kampuni, na aliyeitia si mwasisi wala mwekezaji. Imetoka katika nyumba moja ya Kakamega, au ya Lindi, au ya Mbale, ambayo hata jina la kampuni hiyo haijapata kulisikia. Mshahara usiolipwa ni mtaji. Mwenye kutoa mtaji huandikwa katika daftari la wenye hisa na huitwa mkutanoni. Mama huyu ameandikwa wapi? Ameitwa mkutano gani?

Tena wasia huu huchuja watu kwa chujio lisilosemwa. Mtoto wa tajiri aweza kufanya kazi kwa mapenzi mwaka mzima. Chakula chake kinapikwa mahali pengine. Mtoto wa maskini hawezi, na asipoweza huambiwa kuwa hakuwa na moyo. Hivyo kile kinachoitwa kipimo cha shauku huwa kwa kweli ni kipimo cha mfuko wa baba. Kampuni hujaa watu wa tabaka moja, kisha husimama ikastaajabu kwa nini haielewi mahitaji ya watu wa soko la Gikomba au la Kariakoo. Waliokuwa wakiyaelewa walikuja mlangoni, wakauliza habari ya mshahara, wakarudishwa.

Najua majibu yatakayotolewa, nami nayachukua matatu yaliyo na nguvu.

La kwanza ni kuwa kampuni changa haina fedha. Lakini kampuni hiyo hiyo hulipa pango la ofisi, hulipa umeme, hulipa wakili aliyeandika mikataba, hulipa kila mwezi gharama ya kompyuta za mbali zinazohifadhi kazi yake. Mwenye nyumba haulizwi kama anaipenda ndoto ya mwasisi. Wakili haambiwi kuwa ada ni kwa watu wasio na moyo. Ikiwa kila mwenye nguvu ya kudai hulipwa, na asiye na nguvu huhubiriwa, basi tatizo si upungufu wa fedha bali ni upungufu wa haki. Na kama kweli fedha ni chache, uko ulimi wa kiungwana wa kulisema jambo hilo: tunaweza kukupa nusu ya mshahara unaostahili, nusu ya pili ni deni, nalo limeandikwa hivi, au imegeuzwa hisa, nazo ni kadhaa katika jumla ya kadhaa. Hiyo ni biashara kati ya watu wawili wenye akili. Kijana akikubali amekubali akijua.

La pili ni kuwa mtu aliyeletwa na fedha huondolewa na fedha, na mwenye mapenzi hukaa. Historia ya California yenyewe haisemi hivyo. Mwaka 1957 wanasayansi na wahandisi 8 walimwacha William Shockley, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, wakaanzisha Fairchild Semiconductor. Hapana aliyetilia shaka mapenzi yao kwa kazi ya transista. Hata hivyo kampuni mama, iliyokuwa mashariki ya Marekani, ilishika faida ya kazi yao na kuwa na mkono mzito wa kugawa hisa, na jambo hilo lilikuwa mojawapo la manung'uniko ya wahandisi. Mmoja baada ya mwingine waliondoka, na mwaka 1968 Robert Noyce na Gordon Moore nao wakaondoka kwenda kuanzisha Intel. Walioondoka walikuwa na mapenzi kuliko wote. Mwenye kuipenda kazi sana ndiye anayeumia sana kuona matunda yake yanaliwa na asiyeilima. Mkono mtupu haulambwi, hata ukiwa mkono wa mtu mwenye maono.

La tatu ni kuwa maneno yangu yanawafundisha vijana tamaa. Tamaa ni kutaka cha mwenzio. Haki ni kutaka chako. Dini zilizoenea pwani na bara zimeagiza kibarua apewe ujira wake bila ya kucheleweshwa, wala hazikutanguliza sharti la kumwuliza kama aliipenda kazi. Sisemi kuwa fedha ni roho ya kazi. Mtu anayetumia miaka yake yote katika kazi anayoichukia kwa ajili ya fedha tupu amepata hasara ambayo hapana mhasibu awezaye kuiandika, na sitamwusia mwanafunzi yeyote aishi hivyo. Lakini mapenzi ya kazi ni mali ya mfanyakazi. Aweza kuyatoa sadaka kwa umma, kama walivyofanya watu wa Ushahidi. Aweza kuyatia katika shirika lenye mafungu yanayojulikana, kama wafanyavyo wavuvi. Kinachokatazwa na akili ni kuyachukua mali hayo kwa mtu, kuyageuza faida, na kumwambia mwenyewe kuwa kuuliza bei ni utovu wa uungwana.

Basi kijana anayekaribia kuhitimu, akiitwa na kampuni changa na kuulizwa kama ana shauku, na ajibu kuwa anayo, kisha naye aulize. Mshahara ni kiasi gani, na hulipwa tarehe ngapi? Hisa ninazoahidiwa ni ngapi katika jumla ya ngapi? Kampuni ikiuzwa, nani hulipwa kabla yangu, na kiasi gani? Nikiondoka au nikiondolewa, ni kipi changu? Mwasisi mwenyewe hujilipa kiasi gani? Maswali haya 5 hayahitaji zaidi ya saa moja kujibiwa. Mwasisi mwenye haki hataona haya kuyajibu, na wapo wengi wa namna hiyo, hata mimi nawajua. Yule atakayekunja uso na kusema kuwa maswali hayo si ya watu wenye ndoto amekwisha kuyajibu yote kwa mara moja.

Na wanachuoni nao wana sehemu yao. Vyuo vyetu huwaalika waasisi waliofanikiwa waje kuwahutubia wanafunzi juu ya moyo, uvumilivu na maono. Waendelee kualikwa. Lakini wakija waombwe kuleta pamoja na hotuba yao orodha ya watu 10 wa kwanza waliofanya kazi nao, na kusema kila mmoja wao alipata nini. Mwanafunzi atakayeisikiliza orodha hiyo atajifunza zaidi ya yale ambayo hotuba 20 za shauku zingemfundisha. Naye mama wa Lindi, aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome, atakuwa amepata japo mara moja mtu wa kumsemea mbele ya wakubwa. Ahadi ni deni, na deni la mtu wa haki huandikwa.